Kuvuja kwa pakacha: chakula chetu hupotelea wapi kabla ya kufika sahanini?

Kila mwaka baada ya mavuno, habari mbili huja zikapishana na kuwaacha watu wakishangaa. Ya kwanza husomwa redioni: nchi imevuna vizuri, chakula kinatosha na ziada ipo. Ya pili haisomwi na mtu, tunakutana nayo dukani miezi michache baadaye, pale bei ya unga inapokuwa imepanda. Ndipo ubishi unapoanza, kijiweni na kwenye daladala. Kama chakula kipo, kimekwenda wapi? Mmoja atasema kimeuzwa nje. Mwingine atasema wafanyabiashara wamekificha. Wa tatu, aliyeupata ujumbe unaosambazwa kwenye simu, atafunga mjadala: theluthi moja ya chakula chote duniani hutupwa jalalani.

Huyu wa tatu hakudanganya, ila takwimu ameishika kwa mkia. Chakula kinachopotea hakifiki chote jalalani, hakipotelei mahali pamoja, na wanaokipoteza si watu wa aina moja wala hawana sababu moja. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Tangu nianze kufuatilia jambo hili nimeirudia methali hiyo mara nyingi, maana ndani yake mna swali ambalo mijadala yetu huliruka: pakacha linapovuja, nani anapata nafuu na nani anabeba hasara? Tusipolijibu, kila kampeni ya "usitupe chakula" itaishia kumkaripia mtu asiyehusika.

Upotevu na utupaji

Tuanze na maneno, kwa sababu vurugu nyingi huanzia hapo. Wataalamu hutenganisha vitu viwili ambavyo sisi katika mazungumzo tunaviita kwa jina moja. Upotevu ni chakula kinachoharibika au kupungua tangu kinapovunwa hadi kabla hakijafika kwa muuzaji wa rejareja: shambani, ghalani, njiani, kiwandani. Utupaji ni kile kinachoachwa kuharibika au kumwagwa kuanzia dukani, hotelini na majumbani.

Chukua nyanya moja ya Ilula, Iringa. Ikipasukia ndani ya fuso kabla ya kufika Dar es Salaam, huo ni upotevu. Ikifika salama, ukainunua, ukaisahau chini ya mfuko wa karoti hadi ikaota ukungu, huo ni utupaji. Nyanya ni ileile na jasho la mkulima ni lilelile, lakini dawa ya kosa la kwanza haiwezi kutibu la pili.

Ile "theluthi moja" ilitolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2011. Ilikuwa makadirio ya dunia nzima, tani bilioni 1.3 kwa mwaka, na upotevu na utupaji vilikuwa vimewekwa kapu moja. Baadaye hesabu hizo zikatenganishwa. Makadirio ya FAO ya miaka ya karibuni yanasema kiasi cha asilimia 13 ya chakula hupotea kati ya kuvunwa na kufika kwa muuzaji wa rejareja. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2024, linasema tani bilioni 1.05 zilitupwa mwaka 2022 madukani, kwenye migahawa na majumbani. Hiyo ni asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji, na katika kila kilo 10 zilizotupwa, kilo 6 zilitoka majumbani.

Usizijumlishe asilimia hizi kama unavyojumlisha shilingi. Ya kwanza imepigwa kwa kilichovunwa, ya pili kwa kilichobaki hadi kufika kwa mlaji.

Jambo jingine ambalo nadra kuelezwa ni kwamba hesabu ya UNEP inajumuisha na visivyolika: maganda, mifupa, makokwa. Anayepika ndizi mbichi na mihogo kila siku atajaza ndoo ya taka kwa maganda ambayo hakuna mtu angeyala. Anayenunua viazi vilivyokwisha menywa kiwandani, taka zake zimebaki kiwandani. Kwa hiyo ukiona orodha ya nchi zinazotupa sana, na nchi ya wala ndizi ikawa juu, usikimbilie kusema watu wake ni wabadhirifu.

Ila tusijifariji kupita kiasi, kwani ripoti hiyohiyo imetoboa imani iliyozoeleka kwamba kutupa chakula ni ugonjwa wa matajiri. Tofauti ya wastani wa utupaji wa majumbani kati ya nchi za kipato cha juu na zile za kipato cha kati ilikuwa kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka.

Gunia lenye joto

Kwetu, hata hivyo, sehemu kubwa ya kisa iko kabla ya sahani, kwa hiyo nitakaa huko zaidi.

Baba yangu mdogo analima mahindi Kongwa. Mwaka mmoja nilimkuta ghalani ameingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, uso umemkunjamana. "Hebu weka na wewe," akaniambia. Nikaweka. Punje za juu zilikuwa baridi kama kawaida, lakini kadiri mkono ulivyozama nilihisi joto, joto kabisa, kama la chapati zilizofunikwa kwenye hotipoti. Nilipotoa mkono ulinuka togwa iliyochacha. Alikuwa amepukuchua na kufunga upesi kwa kuogopa mvua iliyokuja bila kutarajiwa, na mahindi hayakuwa yamekauka.

Punje ya mahindi ni kitu hai. Ndiyo maana ukiipanda inaota. Na kila kilicho hai hupumua, kikatoa joto na unyevu. Punje iliyokauka vizuri hupumua polepole sana, kama imelala. Punje yenye maji hupumua kwa nguvu. Fikiria daladala iliyojaa siku ya mvua, madirisha yote yamefungwa: dakika kumi hazipiti vioo vimeshaota ukungu na watu wanatoka jasho. Katikati ya gunia la mahindi mabichi hali ni hiyohiyo, na kuvu hawana mahali wanapopapenda kuliko hapo.

Kipimo kinachotumika ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa lugha ya mizani, kilo 100 za mahindi zisibebe maji yanayozidi kilo 13 na nusu. Mkulima asiye na mashine anaweza kutumia chumvi: achukue chupa kavu yenye mfuniko, atie chumvi kavu kidogo na mahindi machache, atikise vizuri, kisha aache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi kwenye turubai. Ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Katika hao kuvu wamo wanaotengeneza sumukuvu, na hapa upotevu unaacha kuwa suala la kilo, unakuwa suala la uhai. Mwaka 2016 watu 68 waliripotiwa kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 20 wakafariki. Kenya, mwaka 2004, waliougua katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake walikuwa 317, na 125 wakapoteza maisha. Ambao hawafi haraka hawajapona, kwa kuwa sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini na huchangia saratani yake. Wengi huamini ugali ukiiva sana sumu inakwisha. Haiishi. Moto wa jikoni huua kuvu lakini sumu aliyokwisha kuiacha hubaki ndani ya chakula. Na kumpa ng'ombe mahindi hayo hakuondoi hatari, maana sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa yake, tukainywa kwenye chai.

Hili linagusa ubishi mwingine wa kila siku, wa dona na sembe. Anayekoboa mahindi kupata sembe nyeupe anaondoa ganda na kiini, na humo ndimo yalimo mafuta, nyuzi na vitamini nyingi. Huo nao ni upotevu, wa lishe. Pumba huenda kwa kuku na ng'ombe, weupe unabaki kwetu kwa sababu tumezoea kuona ugali mweupe ndio ugali wa heshima. Kwa hiyo dona ni bora? Kwa mahindi safi, ndiyo. Lakini sumukuvu nayo hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini hichohicho, kwa hiyo dona ya mahindi yaliyopata ukungu ni mbaya kuliko sembe yake. Ubora wa dona unaanzia kwenye turubai la kuanikia, miezi kadhaa kabla ya mashine ya kusaga.

Baada ya kuvu kuna wadudu. Fukusi tumeishi naye tangu mababu. Dumuzi ni mgeni: asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kutoka hapo akasambaa. Ana meno ya kutoboa mbao. Ghala aliloingia utalijua kwa vumbi, unga mweupe unaomwagika chini ya gunia hata bila kuguswa, na punje zinazobaki nyepesi kama maganda ya karanga.

Silaha rahisi niliyoiona dhidi yao ni mfuko wa tabaka tatu unaojulikana kwa jina la PICS. Ulianza miaka ya 1980 nchini Kamerun, kwa ajili ya kunde, katika utafiti wa Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Ndani kuna mifuko miwili ya nailoni nzito, nje kuna kiroba cha kawaida. Kila mfuko unafungwa peke yake baada ya kukamuliwa hewa. Washa mshumaa, ufunike kwa glasi: mwanga unafifia, unazimika. Wadudu waliomo ndani ya mfuko huu nao wanamaliza hewa yao wenyewe, wanaacha kula, wanaacha kuzaa, wanakufa. Hakuna dawa iliyotumika. Lakini mfuko hautibu mahindi mabichi. Ukiyafungia humo yakiwa na maji, umeyafungia kuoza. Na mfuko ukitobolewa tundu moja tu na panya au msumari wa ukutani, umebaki kiroba cha bei ghali.

Asilimia zinazotisha

Umewahi kusikia kwamba wakulima wa Afrika hupoteza nusu ya mahindi yao? Ngoja nionyeshe jinsi asilimia kama hizo huzaliwa.

Familia ina magunia 10 na inakula gunia moja kila mwezi. Mwezi wa nane unapoisha, yamebaki magunia mawili. Mtafiti anakuja siku hiyo, anapima, anakuta wadudu wamekula robo ya uzito. Anaandika asilimia 25. Kweli, lakini ni robo ya magunia mawili, yaani nusu gunia. Ukiigawanya kwa magunia 10 ya mwanzo, familia imepoteza asilimia 5. Magunia manane yalikwisha kuliwa kabla wadudu hawajazaana vya kutosha.

Je, basi tatizo ni dogo? Hapana. Lile nusu gunia lilikuwa la miezi ile ambayo mahindi sokoni ni ghali na shamba jipya halijatoa hata gobo la kuchoma. Asilimia ndogo ya mwaka inaweza kuwa njaa nzima ya mwezi Februari. Ndiyo maana napendelea kuuliza "nani na lini" kuliko "asilimia ngapi".

Kisha kuna hasara ambayo haimo kwenye mizani yoyote. Mkulima anayejua dumuzi anakuja hangoji. Anauza mahindi yote wiki zile za mavuno, bei ikiwa chini kuliko wakati wowote wa mwaka, kwa sababu ada ya shule inadaiwa, mkopo wa mbolea unadaiwa, na ghala halina usalama. Miezi sita baadaye anarudi sokoni kununua mahindi ya kula kwa bei iliyopanda sana. Hakuna punje iliyooza hapo. Takwimu za upotevu zitaandika sifuri. Lakini ukimuuliza yeye, atakwambia pakacha lilivuja, na anamjua aliyeokota. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema mkulima anapoteza kwa kukosa elimu. Nimekaa na wengi wanaojua kila kitu kuhusu kukausha na kuhifadhi. Wanachokosa ni fedha za kuwawezesha kungoja. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria Tanzania mwaka 2005, ulilenga jambo hilo: mazao yapokelewe ghalani, mkulima apewe stakabadhi inayoweza hata kumpatia mkopo, mazao yasubiri bei. Kwa mkulima wa magunia sita aliye mbali na ghala lolote, bado hilo ni jambo la kusimuliwa.

Tenga linapofunguliwa Ilala

Mahindi yanavumilia. Nyanya haivumilii, na kuona upotevu wake unaamka alfajiri moja tu na kwenda soko la Ilala, Dar es Salaam.

Matenga yanashushwa kutoka kwenye fuso, makuli wanapokezana kwa kelele, na chini ya kila tenga kuna michirizi ya maji mekundu. Hayo ni maji ya nyanya zilizokuwa chini kabisa, zilizobeba wenzake safari nzima. Mchuuzi anafungua, anaanza kuchambua: ngumu upande huu, zilizoanza kulainika upande ule, na zilizopasuka, masalo, kwenye ndoo. Ngumu zitapangwa mafungu. Masalo yatauzwa kwa bei ya kutupa kwa mama lishe ambaye mchana huu huu atayageuza mchuzi wa samaki.

Hapo mimi huwa naikumbuka ile methali. Kwa mkulima, masalo ni hasara. Kwa mama lishe ni mtaji, na kwa mla wali wa bei nafuu ni chakula. Si kila kinachoshuka thamani kimepotea, na mipango ya kupunguza upotevu inayosahau watu hawa inaweza kumtoa mtu kwenye riziki yake bila kujua.

Mbona basi hatutumii kreti za plastiki? Kreti zikipangwa, uzito hubebwa na kuta zake. Katika tenga uzito hubebwa na nyanya. Jibu ni rahisi kiufundi, ila biashara ina hesabu zake. Kreti lazima irudi shambani, na kuirudisha tupu kunahitaji nauli. Na kubwa zaidi, nyanya haziuzwi kwa kilo, zinauzwa kwa tenga. Mnunuzi anataka tenga kubwa lililojazwa kwa kilima, kama lumbesa ya viazi. Ukimletea kreti ndogo iliyojaa sawasawa, anaona umempunja. Kila mmoja anafanya kinachomfaa, na nyanya za chini zinapasuka. Mahali ambapo mizani ingetumika kweli, naamini tenga lenyewe lingepungua ukubwa bila semina yoyote.

Kuhusu ubaridi, watu hudhani bila majokofu makubwa hatuwezi kitu. Majokofu yanasaidia sana kwa maziwa, nyama na samaki. Lakini tunda na mboga vinapumua kama punje, na kazi ya kwanza ni kuviondolea joto la shambani: kuvuna asubuhi, kuweka kivulini, kutofunika kwa turubai jeusi. Kanuni ya mtungi, ule unaopoza maji kwa kuvujisha kidogo kidogo, ndiyo inayotumika kwenye vibanda vya kuta za mkaa unaomwagiwa maji. Kwa nyanya hiyo inafaa hata kuliko baridi kali, maana nyanya mbichi ikiwekwa chini ya nyuzi 10 kwa siku nyingi inaharibika kwa ubaridi wenyewe. Na ndizi mbivu usizichanganye na mboga za majani: zinatoa gesi ya ethilini inayoivisha na kuzeesha chochote kilicho jirani. Unapoweka parachichi gumu pamoja na ndizi ndani ya mfuko, unaitumia gesi hiyohiyo kwa faida.

Dagaa wa Ziwa Victoria ni kisa kama hicho kwa sura nyingine. Wakianikwa mchangani na mvua ikanyesha, mzigo wa usiku mzima wa karabai unageuka chakula cha kuku. Kwenye vichanja vilivyoinuliwa hewa inapita juu na chini, wanakauka haraka, hawana mchanga, na wanaliwa na binadamu.

Kiporo na tarehe kwenye pakiti

Nyumbani kwetu hakuna aliyefundishwa neno "utupaji", lakini kiporo kilikuwa na hadhi yake. Wali wa jana ulipashwa kwa kitunguu asubuhi, ukaliwa na chai, na mtoto aliyechelewa kuamka aliukosa. Utamaduni huo ni hazina. Nimeona nyumba nyingi za mjini kiporo kimeanza kuonewa aibu, hasa mbele ya wageni, na bufee ya harusi ndiyo imekuwa kipimo cha ukarimu: sinia lisipobaki nusu, watasema wenyeji walibana.

Ila kiporo kina sharti lake. Ndani ya mchele mna bakteria wanaojikunyata kwenye mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukikaa nje na joto la Dar, mbegu hizo huamka, wakazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo kupasha moto hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Mwenye friji autandaze wali kwenye sinia upoe haraka, kisha auweke ndani badala ya kuuacha kwenye sufuria hadi asubuhi. Asiye na friji, dawa yake ni kipimo: kupika cha kuisha usiku huo, hasa wali wa nazi ambao huchacha mapema. Najua bibi zetu walikula kiporo cha sufuriani wakaishi miaka mingi. Matumbo yaliyouma hakuna aliyeyaandika.

Tarehe kwenye pakiti nayo inaponza vyakula vingi. Ziko tarehe za aina mbili. Moja inahusu usalama, kama kwenye maziwa freshi au nyama: ikipita, usile. Nyingine inahusu ubora, na huandikwa kwa maana ya "bora kabla ya". Tambi, mchele, biskuti au majani ya chai yaliyovuka tarehe hiyo kwa siku chache huenda yamepungua ladha, hayajawa sumu. Muuzaji asiuze kilichopita muda wake, hiyo ni sheria na ni haki ya mnunuzi. Lakini kilicho kabatini kwako, kisome kwanza kinasema nini.

Kinachotupwa nacho kina safari yake. Kwenye madampo makubwa kama Pugu Kinyamwezi la Dar es Salaam au Dandora la Nairobi, mabaki ya chakula huoza yakiwa yamefunikwa bila hewa, yakatoa gesi ya methani. Kwa makadirio ya UNEP, upotevu na utupaji wa chakula kwa pamoja huchangia kati ya asilimia 8 na 10 ya gesi zinazopasha dunia joto. Maganda yaleyale yakienda kwenye shimo la mboji nyuma ya nyumba ni mbolea ya mchicha.

Na tunaongezeka

Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 44.9. Ya mwaka 2022 ikakuta milioni 61.7. Ongezeko ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa mwendo huo idadi huongezeka maradufu kila baada ya miaka 22 hivi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa akifika umri wa kumaliza chuo, kila sufuria iliyopo leo itakuwa na mwenzake.

Wengi hujibu kwa neno moja: tulime zaidi. Wengine, walioshika ile theluthi moja, hujibu kwamba tukiacha kupoteza tu, tatizo limekwisha. Tupige hesabu. Tuseme katika kila magunia 100 tunapoteza 13 na kula 87. Tukiweza, kwa muujiza, kuokoa yote 13, chakula kimeongezeka kwa karibu asilimia 15. Watu wanaoongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka watakimaliza chote hicho kabla ya miaka mitano kutimia. Kwa hiyo kuokoa peke yake hakutoshi. Lakini gunia lililookolewa lina sifa ambayo gunia jipya halina: mvua yake ilishanyesha, mbolea yake ilishalipwa, na msitu haukukatwa kwa ajili yake.

Wala chakula kingi hakimfikii mwenye njaa kwa kuwa kingi tu. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, watu wapatao milioni 673 duniani walikabiliwa na njaa mwaka 2024, milioni 307 kati yao wakiwa Afrika, yaani zaidi ya Mwafrika mmoja katika kila watano. Wengi wao wanaishi katika nchi zenye masoko yaliyojaa. Wanakosa fedha, barabara, au amani.

Viongozi wa Afrika walikubaliana Malabo, Guinea ya Ikweta, mwaka 2014 kupunguza upotevu wa baada ya mavuno kwa nusu ifikapo 2025. Januari 2025, Kampala, lengo la kupunguza kwa nusu likawekwa tena, safari hii hadi 2035. Sitaki kulibeza, kwani lengo lililoandikwa linampa mtu pa kudai. Ila ningependa kuona fedha zake zikitumika kwenye mizani, turubai, barabara za vijijini na mikopo ya wiki zile za mavuno, kabla ya mabango.

Mwezi Februari uliopita nilirudi Kongwa. Baba mdogo safari hii alikuwa ameanika hadi chumvi ikadondoka yote, akauza magunia mawili ya ada, akafunga manne kwenye mifuko ya tabaka tatu na kuyapanga juu ya mbao, mbali na ukuta. Aliufungua mfuko wa kwanza mbele yetu, kamba ya nje, kisha ya kati, kisha ya ndani. Mama mdogo akazamisha mkono hadi kiwiko, akautoa na punje chache, akatia moja mdomoni. Ililia kwa sauti kati ya meno yake. Akageuka kumuuliza mumewe bei ya debe wiki ile ilikuwa imefika ngapi, na kabla hajajibiwa alishaanza kufunga kamba ya ndani.